Mchana namwaga nuru, usiku nadunduliza

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimeinama nyuma ya darubini, kitambaa cheusi kichwani ili nione vizuri kioo cha kompyuta, nahangaika kulitafuta jua ambalo, kwa kitu kikubwa namna ile, lina ufundi wa ajabu wa kujificha. Filta ilikuwa mahali pake, nimeibana kwa gundi ya karatasi pande tatu kwa kuogopa upepo. Mara pua ikanasa plastiki inayoungua. Kutoa kichwa nje, naona uzi mwembamba wa moshi unapanda kutoka kwenye ile darubini ndogo ya kutafutia, inayokaa mgongoni mwa kubwa. Hiyo nilisahau kuiziba. Pete iliyoshika msalaba wa kulengea ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na nyuzi za msalaba zimejikunja kama nywele zilizopitiwa na kiberiti.

Mdomo wa kidude kile una upana wa milimita 30 tu. Kama ningesogeza jicho pale kwa mazoea, kama ninavyofanya kila usiku, leo ningekuwa naandika haya kwa jicho moja. Na nisingehisi kitu, maana retina haina mishipa ya kusikia maumivu. Inaungua kimya kimya, habari unazipata baadaye.

Tangu siku hiyo kifuniko chake nimekifunga kwa uzi kisipotee, na kabla sijaelekeza chochote juani nakigusa kwa kidole. Nakigusa mara mbili. Wanaoniona wanasema nina wasiwasi. Sawa, ninao.

Nilifika kwenye jua kwa sababu ya usingizi. Miaka kadhaa nilikuwa mtu wa usiku peke yake, na mwili ukaanza kudai. Nikajiambia kuna nyota moja inayopatikana saa za kazi, kwa nini nisiipige picha hiyo? Nilidhani itakuwa rahisi kuliko zote, kwa kuwa nuru iko ya kumwaga. Kumbe kumwaga ndiyo kazi yenyewe. Filta nzuri ya jua, ile ya karatasi yenye mng'ao wa fedha, inapitisha sehemu 1 kati ya 100,000 ya nuru inayoingia, na zilizobaki inazirudisha zilikotoka. Inakaa mbele, mdomoni mwa darubini, kabla nuru haijakusanywa. Zamani darubini za kuanzia zilikuja na kijifilta cha kioo cheusi cha kukaza nyuma, karibu na jicho. Ukikikuta kwenye boksi la kale, kitupe. Kinakaa pale pale joto linapokutana, na siku kikipasuka hakipigi hodi.

Ukishamwaga nuru yote hiyo, unabaki na duara jeupe, safi, lenye ukingo uliofifia kidogo, na juu yake madoa. Mara ya kwanza nilidhani ni vumbi la lenzi. Nikazungusha kamera, madoa yakabaki palepale juani. Lilikuwa doa moja kubwa lenye kiini cheusi na vijidoa vitatu vinavyolifuata kama vifaranga. Kiini si cheusi kweli. Kina joto la kelvini 3,500 hadi 4,000 hivi, na kingekuwa peke yake angani kingekuchoma macho. Ni kwamba majirani zake wanakaribia 5,800, basi yeye anaonekana giza. Kuuzunguka ule weusi kuna ukanda wa kijivu wenye mistari myembamba inayoelekea katikati, kama nyuzi za mboni ya jicho. Dunia yetu ingeingia humo na nafasi ikabaki.

Halafu nikapiga picha, na picha ikawa ovyo.

Tatizo la jua ni hewa. Ardhi ikipata moto, hewa inapanda ikitetemeka, na ukingo wa jua kwenye kioo unacheza kama kitambaa kilichoanikwa penye upepo. Doa linakunjamana, linakunjuka, linagawanyika mara mbili, linarudi. Mara moja katika sekunde kadhaa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa, vyote vinatulia na unaona mpaka nyuzi. Ukibonyeza, umechelewa. Kwa hiyo hakuna anayebonyeza. Unachukua video, picha 2,000 hadi 3,000 kwa dakika moja au mbili, shata ikifunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha unaipa programu kama AutoStakkert kazi ya kuzipanga kwa ubora. Mimi hubakiza kumi katika mia. Zinapangwa moja juu ya nyingine, unanoa kidogo, na hapo doa linatokea kama lilivyokuwa katika zile nukta za utulivu. Nimejifunza pia kuamka mapema: saa mbili asubuhi, jua likiwa limepanda kiasi na ardhi bado baridi, huwa na picha nzuri kuliko jua la utosi. Majani chini ya darubini ni bora kuliko saruji. Lami ni adui.

Kwa uvumilivu huo unaweza hata kuona ngozi ya jua: punje punje za gesi inayochemka, kila moja na upana wa kilomita 1,000 hivi, zinazoishi dakika chache na kufa. Nimezipata vizuri mara mbili tu maishani. Picha moja kati ya hizo mbili niliifuta kwa bahati mbaya, na sitaki kuizungumzia.

Kinachonifunga kwenye jua ni kwamba halisubiri. Nebula ya Orioni, lile wingu la gesi angani, uliyoikosa mwezi huu utaikuta mwakani ilivyo. Doa ulilolikosa leo, kesho limebadilika umbo, na baada ya wiki mbili limezungukia upande wa pili. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Ujerumani, alianza kuyachora mwaka 1826 akitafuta sayari iliyodhaniwa kupita ndani ya njia ya Utaridi. Sayari hakuiona, kwa kuwa haipo. Lakini baada ya miaka 17 ya kuhesabu madoa kila siku ya jua wazi, aligundua kwamba yanaongezeka na kupungua kwa mzunguko, ambao leo tunajua ni wa miaka 11 hivi. Ni kazi ya mtu asiyelipwa na yeyote, na daftari lake lilizidi vyombo vya wenye vyombo.

Richard Carrington, mtazama anga wa Uingereza, naye alikuwa anachora madoa tarehe 1 Septemba 1859, taswira ya jua imeangushwa kwenye ubao, pale mabaka mawili ya nuru kali yalipowaka katikati ya kundi la madoa. Akakimbia kutafuta shahidi. Aliporudi, haikupita dakika moja, yalikuwa yameshaanza kufifia. Saa kumi na saba na nusu hivi baadaye dhoruba ya sumaku iliipiga dunia na nyaya za telegrafu zikavurugika. Huwa namfikiria akipanda ngazi mbio. Mimi ningebaki nikitazama, na historia ingekosa ushahidi, lakini ningeona.

Mei 2024 tulipata letu. Kundi la madoa lililopewa namba AR 3664 lilitanuka hadi kilomita 200,000 hivi, kama dunia kumi na tano zimepangwa mstari. Lilionekana bila darubini, kwa miwani ya kupatwa kwa jua tu. Niliwaita wote waliokuwa karibu, nikagawa miwani, na kila mmoja alikaa kimya sekunde chache kisha akasema, "Ah, lile pale!" Siku ile nilipiga video sita. Usiku wa tarehe 10 dhoruba ya daraja la juu kabisa ikafika, ya kwanza ya kiwango hicho tangu 2003, na watu waliozoea kusoma habari za mianga ya ncha za dunia vitabuni waliiona ikiwaka juu ya paa zao. Mimi nilikuwa na mawingu. Lakini nilikuwa na picha ya lile doa lililoirusha.

Ukiwa na filta ya hidrojeni, jua ni jingine kabisa. Hiyo inaachia rangi moja nyekundu, nanomita 656.28, na ukanda wake hauzidi sehemu ya kumi ya nanomita. Ndimi za gesi zinasimama ukingoni, zinajikunja, zinarudi chini, na ukipiga kila baada ya nusu dakika kwa saa moja unapata filamu. Bado natumia ya kuazima. Nikianza kueleza, hatutafika usiku.

Usiku mambo yanageuka. Kule nilikuwa nagawa nuru kama tajiri, huku nahesabu chembe moja moja. Kamera inafunguliwa dakika tatu kuelekea galaksi ya Andromeda, na kinachoingia katika pikseli moja ya ukingo wake kinaweza kuwa chembe chache za nuru zilizosafiri miaka milioni 2.5. Pamoja nazo zinaingia taka: mwanga wa taa za mji, joto la kamera yenyewe, mbalamwezi kama hukuangalia kalenda. Ukiifungua picha moja peke yake, utaona chenga tupu na kijiwingu katikati.

Dawa ya chenga ni kudunduliza. Piga ile ile, tena, tena, kisha zipange juu kwa juu kwa programu kama Siril au DeepSkyStacker. Kilichoko angani kinakaa palepale katika kila picha na kujumlika. Chenga zinarukaruka bila mpango na kufutana. Ila hesabu yake ni chungu. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Ukitaka zipungue nusu, unahitaji picha mara nne. Zipungue hadi robo, mara kumi na sita. Saa ya kwanza inakupa furaha kubwa, ya pili furaha kiasi, na ukifika saa ya kumi unakesha usiku mzima kwa mabadiliko ambayo ni wewe tu utayaona. Haba na haba ndiyo, lakini kibaba kinapanuka kadiri unavyokijaza.

Na dunia haikai. Anga inasogea kwa sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu 1 kati ya 3,600 ya nyuzi moja) kila sekunde ya saa, hivyo lenzi ya milimita 200 juu ya miguu mitatu isiyosogea itageuza nyota kuwa vistari baada ya sekunde mbili na nusu hivi. Ndiyo maana tunanunua stendi ya mota inayozunguka kinyume cha dunia. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga. Walio kaskazini wana Nyota ya Kaskazini, iko chini ya nyuzi moja kutoka penyewe. Walio kusini wana Sigma Octantis, kinyota hafifu ambacho jicho tupu hukipata kwa tabu gizani tii, na mjini hukipati kabisa. Sitasema nani ameonewa.

Kosa langu kubwa la usiku halikutoa moshi. Nililenga fokasi saa mbili usiku, hewa ya joto, nyota kama ncha ya sindano. Nikaanzisha mpango wa picha 80 za dakika tatu tatu, nikaingia ndani. Usiku ulipopoa, bomba la chuma la darubini likasinyaa kidogo, sehemu ya milimita, na fokasi ikaondoka nayo. Asubuhi nilifungua folda: picha ya kwanza safi, ya kumi na tano safi, ya thelathini imevimba, kuanzia ya arobaini kila nyota ni kijipete. Saa nne nzima za kazi, na nusu yake pete za ndoa. Sasa nina kifuniko cha Bahtinov, kilichobuniwa na Mrusi Pavel Bahtinov ambaye naye ni mtu wa kujifurahisha kama sisi: ni bamba lenye mipasuo, unaliweka mdomoni mwa darubini, nyota inatoa miali mitatu, na mwali wa kati ukikaa katikati ya wenzake, fokasi imekaa. Narudia kila saa. Pia kuna mkanda wa joto wa kuzuia umande, maana lenzi ikilowa, hata Bahtinov hawezi kukusaidia.

Kuna picha nyingine ambazo hakuna anayezionyesha. Alfajiri, kabla sijafungua kitu, navalisha mdomo wa darubini fulana nyeupe iliyonyooshwa bila mkunjo na kuelekeza kwenye anga inayopambazuka. Napiga picha thelathini za weupe mtupu. Ndani yake kuna kila punje ya vumbi iliyo kwenye filta, kila moja na kivuli kama andazi lenye tundu, na weusi wa pembe unaosababishwa na lenzi. Programu inagawanya picha za usiku kwa hizo za fulana, na uchafu unaondoka. Mgeni akiniuliza siri ya picha zangu, jibu la kweli ni fulana. Huwa hawaridhiki.

Nikichoka najikumbusha walikotoka wenzetu. Mwaka 1850 pale Harvard nyota Vega ikawa nyota ya kwanza kupigwa picha baada ya jua. Tarehe 30 Septemba 1880 Henry Draper, daktari wa New York, aliifungulia sahani yake ya picha nebula ya Orioni kwa dakika 51 na kupata picha ya kwanza ya nebula yoyote. Leo kamera ya kawaida juu ya stendi ndogo inampita kwa dakika moja. Sisemi hivyo kumdharau. Nasema ili ujue kwamba hao mabingwa walikuwa na chenga kutuzidi.

Na bado anga ina nafasi ya mtu wa uani. Víctor Buso, fundi wa kufuli wa Rosario, Argentina, alikuwa anajaribu kamera mpya tarehe 20 Septemba 2016. Akaichagua galaksi NGC 613, akapiga picha za sekunde 20 kila moja kwa kuwa taa za mji zingeharibu ndefu zaidi. Katikati ya mfululizo, kitone kikatokea ambacho hakikuwapo mwanzoni, kikawa kinang'aa zaidi. Alikuwa ameinasa supanova katika dakika zake za mwanzo, wimbi la mlipuko likitoboa uso wa nyota. Wataalamu walikuwa wakiisubiri picha hiyo miaka mingi.

Kisha Januari 2023 Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wote watu wa kujifurahisha, pamoja na wanasayansi, walitangaza upinde mkubwa wa oksijeni kando ya Andromeda. Andromeda! Galaksi iliyopigwa picha kuliko karibu kila kitu nje ya mfumo wa jua, tangu mpiga picha wa anga Isaac Roberts alipoonyesha mikono ya galaksi hiyo mwaka 1888. Upinde ulikuwapo siku zote, hafifu mno, na wenye vyombo vikubwa walikuwa wanatazama kidirisha kidogo sana. Hawa walitumia darubini fupi yenye uwanja mpana, filta ya oksijeni, na zaidi ya saa mia moja za kudunduliza.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: "Rangi hizo ni za kweli?" Kwa macho, nebula ni moshi wa kijivu, kwa sababu gizani seli za rangi kwenye jicho hulala. Wekundu wa hidrojeni upo, sisi tu hatuwezi kuuona. Anayetumia filta tatu, za salfa, hidrojeni na oksijeni, anagawa rangi kwa makubaliano, salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu, kama ilivyofanywa kwenye picha maarufu ya darubini ya angani ya Hubble ya nguzo za nebula ya Tai mwaka 1995. Ni ramani ya gesi. Sina ugomvi nayo, ukisema umefanya hivyo. Na kama tunaungama, jua langu la machungwa ni uongo pia: kwa filta ya karatasi jua ni jeupe pee. Nililipaka rangi kwa sababu jeupe watu hunidai, "jua liko wapi?" Ninachokataa ni hizi programu za kunoa zinazobuni. Ukiipa doa lililofifia, inakurudishia nyuzi nzuri mno ambazo hewa ya siku ile isingeruhusu zionekane. Nimejaribu. Ilipendeza. Nikaifuta, hiyo kwa makusudi.

Msimu huu nimeanza kuutafuta ule upinde mwenyewe. Najua vyombo vyangu ni vidogo na taa za mji ni nyingi. Nina jumla ya saa 14 kwenye filta ya oksijeni. Juzi nilivuta picha mpaka chenga zikapiga kelele, na upande wa kushoto wa galaksi kuna kitu, kivuli cha kivuli, kimepinda mahali kinapotakiwa kupinda. Nikaigawa folda mafungu mawili, nikapanga kila fungu peke yake. Fungu moja kipo. Fungu la pili sikioni.

Usiku huu ni mawingu. Stendi nimeifunika turubai, betri ziko kwenye chaji, na kifuniko cha darubini ndogo nimekigusa mara mbili, maana wakisema kweli wa hali ya hewa, saa mbili asubuhi kutakuwa wazi, na kuna doa jipya linachungulia ukingo wa mashariki.